Jibu la mtaalamu: Mcheri unaokausha maua, kupukutisha majani na kuozesha matunda

Swali: "Nina micheri miwili, mmoja wa cheri tamu na mwingine wa cheri chachu. Kwa miaka mitatu mfululizo maua mengi ya mcheri wa cheri chachu hugeuka kahawia na kukaukia kwenye vijiti, kisha vijiti vyenyewe hufa. Majani yake huota vidoa vya zambarau, huwa ya njano na kupukutika mapema. Cheri tamu nazo huoza siku chache kabla ya kuvunwa na kufunikwa na unga wa kijivu. Kwenye shina kuna gundi inayotoka. Mwaka jana nilinyunyizia dawa ya shaba mara mbili baada ya kuona matunda yanaoza, lakini sikuona nafuu. Ni dawa gani itakayoiponya miti hii, au niikate?"

Ndugu msomaji, weka shoka chini kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, ambayo ni ya kina kuliko ya wengi wanaouliza, miti yako haijafika mahali pa kukatwa. Ninaona magonjwa mawili ya kuvu yanayojulikana sana kwa micheri, pamoja na dalili ya tatu, ile ya gundi, ambayo huenda haina uhusiano wowote na kuvu. Maua yanayokaukia vijitini na matunda yanayooza na kuota unga wa kijivu ni ugonjwa mmoja, nao ni uozo wa kahawia, unaosababishwa na kuvu za jenasi ya Monilinia. Vidoa vya zambarau, umanjano na kupukutika kwa majani ni ugonjwa mwingine, yaani madoa ya majani ya mcheri, unaosababishwa na kuvu iitwayo Blumeriella jaapii. Magonjwa haya hukutana mara nyingi katika shamba moja na hata katika mti mmoja, lakini kila mmoja una mahali pake pa kujificha na kalenda yake, na anayetibu mmoja kwa kalenda ya mwingine hupoteza dawa na mwaka mzima.

Umeuliza ni dawa gani itakayoponya, na hapo sina budi kukusahihisha kabla ya kuendelea. Ua lililokwisha kukauka, jani lililokwisha kupata doa na tunda lililoanza kuoza haviponi kwa dawa yoyote. Kuvu ikishaingia ndani ya mmea hutambaza nyuzi zake mahali ambapo dawa iliyokaa juu ya ngozi ya jani haifiki. Dawa nyingi za ukungu, zikiwemo za shaba, salfa na kaptani, ni ngao tu: hutandaza utando mwembamba juu ya jani au ua, na spora ya kuvu, yaani kile kijimbegu kidogo kinachopeperushwa na upepo au kurushwa na matone ya mvua, ikitua hapo na kuanza kuota hufa kabla haijapenya. Zipo pia dawa zinazopenya ndani ya jani, kama zile za kundi la triazoli, na hizo zinaweza kuzima maambukizi yaliyotokea siku moja au mbili zilizopita, lakini nazo hazikirudishii uhai kilichokwisha kufa. Uliponyunyizia shaba baada ya kuona uozo, ngao ilifika vita vimekwisha. Sina sababu ya kuilaumu dawa yenyewe. Wakati wake ndio uliokuwa umepita.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza dawa gani, ningependa tuulize kuvu hii inaishi wapi katika miezi yote ambayo mti hauna maua wala matunda. Kwa uozo wa kahawia jibu unaweza kulishika mkononi. Tazama matawi ya miti yako majani yakiwa yamepukutika. Bila shaka utaona cheri zilizosinyaa, nyeusi, ngumu kama kokwa, zimening'inia pale zilipoozea msimu uliopita au zimenata kwenye kijiti. Utaona pia vishada vya maua makavu ambavyo havikuanguka, na chini ya kishada kijiti kilichokufa, mara nyingi kikiwa na tone la gundi mahali ambapo sehemu iliyokufa inapakana na iliyo hai. Humo ndimo kuvu inamolala. Hali ya hewa inapopata joto na mvua za mwanzo zikanyesha, vitu hivyo vikavu huota vitufe vidogo vya spora za kijivu, wakati uleule ambao maua yanafunguka. Matunda makavu yaliyoanguka na kufukiwa nusu katika udongo yanaweza kuota vikombe vidogo vya kahawia vinavyofanana na uyoga mdogo, na vikombe hivyo hurusha spora hewani kuelekea juu, kwenye maua. Baadhi ya wakulima huyasafisha yaliyo mtini na kuyasahau ya chini.

Spora ikitua kwenye ua lililolowa kwa saa chache, hasa joto likiwa karibu na nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, huota na kuingia, kisha hushuka kupitia kikonyo hadi kwenye kijiti. Hicho ndicho kinachoua vijiti vyako. Baada ya maua kupita ugonjwa huonekana kama umeondoka, kwa kuwa tunda bichi na gumu halishambuliwi kwa urahisi, ingawa baadhi ya matunda huambukizwa yakiwa mabichi na kukaa kimya bila dalili. Cheri zinapoanza kupata rangi na sukari, katika wiki mbili hadi tatu za mwisho kabla ya mavuno, mlango hufunguka tena. Mvua ikinyesha katika siku hizo, cheri tamu hunyonya maji na kupasuka ngozi, na kila ufa ni njia ya kuingilia. Tundu la mdudu au jeraha la mdomo wa ndege hufanya kazi hiyohiyo. Kwa kuwa cheri hukaa kwa vishada, zikigusana, tunda moja lililooza linaweza kuambukiza kishada kizima ndani ya siku chache. Nawe ukiliacha tunda hilo mtini, litasinyaa, litaganda, na mwakani litakuwa chanzo kipya.

Utajiuliza kwa nini mcheri wa cheri chachu unaumia zaidi kwenye maua na ule wa cheri tamu kwenye matunda. Kuvu hizi zina spishi zaidi ya moja. Monilinia laxa hupenda maua na vijiti, na cheri chachu, hasa zile za aina ya Morello, ni dhaifu sana mbele yake. Monilinia fructicola na Monilinia fructigena hujulikana zaidi kwa kuozesha matunda. Mipaka hii haifuatwi kikamilifu, kwani laxa nayo huozesha matunda na fructicola nayo hukausha maua, lakini inatosha kueleza unachokiona, na kwa mkulima matibabu hayatofautiani.

Kazi ya kwanza, basi, haihitaji bomba la dawa. Mti ukiwa umelala, toa kwa mkono kila tunda kavu lililobaki mtini, kisha okota yale ya chini. Vijiti vilivyokufa ukavikate sentimita 10 hadi 15 chini ya mahali ambapo kifo kinaishia, kwa sababu nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya kile ambacho macho yanakiona. Ni bora zaidi kuvikata mara tu unapoona kishada cha maua kimekauka, siku ya ukavu, badala ya kusubiri msimu upite. Usiviache chini ya mti. Vichome moto mahali inaporuhusiwa, au uvifukie kwa kina. Nimeona watu wanaotumia dawa nne kwa msimu huku matunda makavu 200 yakiwa yanawaangalia kutoka juu ya mti, na kila mwaka wanashangaa. Kama una mti wa plamu, pichi au aprikoti karibu, usafishe vilevile, maana miti hiyo ni jamaa wa mcheri na hubeba kuvu hizohizo.

Ndipo dawa inapokuja, katika vipindi viwili. Cha kwanza ni cha maua: nyunyizia machipukizi ya maua yanapokuwa meupe na yamevimba, karibu kufunguka, na urudie maua yakiwa yamefunguka kwa wingi ikiwa mvua inaendelea au inatarajiwa. Hali ya hewa ikiwa kavu kabisa katika siku za maua, unaweza kupunguza, kwa sababu spora bila unyevu haifanyi kitu. Kipindi cha pili ni wiki tatu za mwisho kabla ya mavuno, na hapo ni lazima usome kwa makini kwenye lebo idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kunyunyizia na kuvuna, maana dawa hutofautiana sana katika hilo. Katikati ya vipindi hivi viwili, uozo wa kahawia hauhitaji dawa. Katika siku za maua nyunyizia jioni, nyuki wanapokuwa wamerudi mzingani, na usichanganye kamwe dawa ya wadudu katika bomba hilo. Mcheri wa cheri tamu ambao haukutembelewa na nyuki hauna matunda ya kuoza wala ya kula.

Sasa tuhamie kwenye majani, ambako nadhani hasara yako kubwa ndiko iliko, ingawa wewe umelalamikia zaidi matunda. Blumeriella jaapii haikai kwenye matunda makavu, na wala haihusiki na vijiti. Hulala katika majani yaliyoanguka chini ya mti. Mwanzoni mwa msimu, kuanzia wakati wa maua na kuendelea kwa wiki kadhaa, majani hayo ya zamani yakilowa hurusha spora zinazotua kwenye majani mapya. Siku chache baadaye, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, hutokea vidoa vidogo vya zambarau upande wa juu wa jani. Geuza jani hilo asubuhi yenye unyevu, utaona upande wa chini wa kila doa kuna kijifundo cheupe au chenye wekundu wa mbali. Hizo ni spora za kizazi cha pili, na kila mvua huzirusha kwenye majani mengine, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mti unaposhindwa. Mcheri huachilia jani lenye madoa mengi kwa hiari yake: jani huwa njano, wakati mwingine likibakiza ukijani kuzunguka madoa, kisha hudondoka.

Madhara yake hayaishii kwenye sura ya mti. Mti uliopukutika kabla ya mavuno hutoa matunda laini, yasiyo na rangi wala sukari ya kutosha. Uliopukutika mapema baada ya mavuno huingia katika kipindi cha baridi bila akiba ya chakula, hivyo huumizwa na baridi kwa urahisi, na machipukizi ya maua ya mwaka unaofuata huwa machache na dhaifu. Mara nyingi mtu husema mti wake umezeeka au udongo umechoka, kumbe mti una njaa iliyoanza mwaka uliotangulia.

Dawa ya ugonjwa huu ina kalenda tofauti. Nyunyizia mara ya kwanza petali zinapodondoka, kwa sababu majani ya kwanza ndiyo yanayopokea spora kutoka ardhini, kisha urudie kila baada ya siku 7 hadi 14 kwa kufuata lebo, ukisogeza karibu zaidi mvua zinapokuwa nyingi, na umalizie na mara moja zaidi baada ya mavuno. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa matunda yakishaingia kikapuni mtu huona kazi imekwisha. Upande wa chini wa jani ndio wenye matundu ambayo kuvu hii hupitia kuingia, kwa hiyo bomba lielekezwe kutoka chini kwenda juu, hadi majani yalowe pande zote mbili bila dawa kuchuruzika ovyo. Aliyelowesha kilele cha mti kwa nje tu hajanyunyizia.

Lakini hapa pia usafi unatangulia dawa. Majani yakishaanguka yote, yakusanye uyaondoe. Kama ni mengi mno, yasage kwa mashine ya kukata nyasi ili yaoze haraka. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri ni kuyanyunyizia yakiwa ardhini mbolea ya yurea iliyoyeyushwa kwa kiwango cha asilimia 5, yaani gramu 50 katika lita moja ya maji, kwa sababu naitrojeni huharakisha kuoza kwa majani na kuinyima kuvu makao. Mchanganyiko mkali kiasi hicho ni wa majani yaliyo ardhini pekee, usiumwage kwenye majani yaliyo hai. Kama siku moja utapanda mcheri mwingine wa cheri chachu, fahamu kwamba aina ya Montmorency hushambuliwa kwa urahisi na ugonjwa huu, ilhali North Star huuvumilia vizuri zaidi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba hujachanganya dalili. Upo ugonjwa wa kuvu unaotoboa majani, uletwao na Wilsonomyces carpophilus, ambao madoa yake hukauka na kudondoka, jani likabaki na matundu kana kwamba limepigwa risasi ndogondogo, na matunda yakapata vigaga. Blumeriella nayo huacha matundu wakati mwingine, kwa hiyo kijifundo cheupe upande wa chini wa jani ndicho kitambulisho chako. Ubwiri unga wa mcheri, yaani ule utando mweupe kama unga juu ya majani machanga, ni ugonjwa wa maeneo makavu zaidi, nao huanzia mara nyingi kwenye maotea yaliyo chini ya shina. Ukiyaondoa maotea hayo mapema umeshafanya kazi kubwa. Vinundu vyeusi, vigumu, vinavyozunguka matawi ni kazi ya Apiosporina morbosa, kuvu ya Amerika Kaskazini, nayo hukatwa sentimita 15 hadi 20 chini ya kinundu kabla machipukizi hayajafunguka. Hukutaja dalili hizi, kwa hiyo sitaendelea nazo.

Gundi, hata hivyo, inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wasomaji wengi huiona na kukimbilia dawa ya ukungu. Mcheri hutoa gundi kwa kila kinachouudhi: jeraha la mashine ya nyasi, maji yaliyotuama kwenye mizizi, baridi kali, mdudu, au ugonjwa. Gundi ni kilio cha mti, haitaji aliyeupiga. Chukua kisu kisafi, ubandue kipande kidogo cha gome la juu mahali gundi inapotokea. Gome la ndani likiwa la kijani au jeupe, funga kisu chako uangalie maji na majeraha. Likiwa la kahawia, limelowa na lina harufu ya uchachu, huenda ni kidonda cha bakteria Pseudomonas syringae, ambacho huua matawi na machipukizi, hasa ya micheri michanga. Huyo ni bakteria, si kuvu, na dawa za triazoli au kaptani hazimgusi. Hupunguzwa kwa kutopogoa katika majira ya baridi na unyevu, kwa kukata sehemu zilizokufa hadi kwenye mti safi wakati wa ukavu, na mahali inaporuhusiwa, kwa kunyunyizia shaba majani yanapoanza kuanguka, wakati ambapo makovu ya majani huacha milango wazi. Kama weusi uko chini kabisa, kwenye shingo ya mti karibu na ardhi, na udongo huwa haukauki, shaka yangu ingeelekea kwenye Phytophthora, kiumbe anayefanana na kuvu anayependa mizizi iliyozama majini. Kwake huyo mfereji wa kutoa maji una thamani kuliko chupa yoyote ya dawa.

Umesikia bila shaka ushauri unaopingana kuhusu wakati wa kupogoa, na ushauri huo wote una sababu. Mti uliolala huonyesha umbo lake wazi, na kwa vinundu vyeusi kukata wakati huo ni sahihi. Lakini mcheri una adui mwingine, Chondrostereum purpureum, kuvu inayofanya majani yawe na mng'ao wa fedha na kuacha doa la kahawia ndani ya mti. Spora zake huenea katika vipindi vya unyevu na baridi, na huingia kupitia vidonda vibichi vya kupogoa. Bakteria niliowataja hufuata njia hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mimi hushauri upogoaji mkubwa wa mcheri ufanywe katika siku kavu za majira ya joto, mara baada ya mavuno, na wakati mti umelala mtu aishie kwenye kuondoa matunda makavu kwa mkono na vile vijiti vilivyokufa. Acha katikati ya mti pawe na mwanga na upepo, ili majani yaliyolowa asubuhi yawe yamekauka mapema. Saa za ukavu anazoziongeza mpogoaji ni saa ambazo spora inazipoteza. Futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohama kutoka mti hadi mti, na kila unapotoka kwenye sehemu yenye ugonjwa. Maji ya kumwagilia yaelekezwe ardhini, yasirushwe kwenye majani, na mbolea ya naitrojeni isizidi, kwa kuwa machipukizi laini na mazito hukawia kukauka.

Kuhusu uchaguzi wa dawa yenyewe, dawa zilizosajiliwa kwa ajili ya cheri hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na hubadilika. Kwa mfano, klorothalonili, iliyotumika miaka mingi dhidi ya madoa ya majani, ilinyimwa kibali kipya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Kwa hiyo lebo ya dawa iliyo mkononi mwako ndiyo itakayokuamulia, na usitumie dawa ambayo lebo yake haitaji cheri. Ninachoweza kukusisitizia ni kubadilisha makundi. Kwenye chupa nyingi utakuta namba inayotolewa na FRAC, kamati inayofuatilia usugu wa kuvu dhidi ya dawa: triazoli ni kundi la 3, dawa za SDHI ni la 7, strobilurini ni la 11, na zile za kinga pana kama shaba, salfa na kaptani hubeba herufi M. Ukitumia kundi la 3 kila mara, unazichuja kuvu hadi zibaki zile zisizoliogopa. Hilo limeshatokea katika jimbo la Michigan, Marekani, kwenye mashamba makubwa ya cheri chachu, ambako Blumeriella ilijenga usugu dhidi ya triazoli. Zingatia kwamba makundi ndiyo yabadilike. Chupa mbili zenye majina tofauti ya biashara zinaweza kuwa kundi lilelile.

Dawa za herufi M hazijengewi usugu kwa urahisi, lakini zina tabia zake. Salfa huunguza majani joto likikaribia nyuzi 30, na haitakiwi kukutana na mafuta ya kunyunyizia ndani ya wiki mbili. Kaptani inaweza kuumiza majani ya baadhi ya aina za cheri tamu, basi jaribu kwenye tawi moja kwanza. Shaba huacha majani yakiwa na rangi ya shaba kweli, yameungua kingo, hasa hali ya hewa ikiwa ya joto na ukavu, na mcheri wa cheri tamu ndio unaoihisi zaidi. Ndiyo sababu watu huiongezea chokaa. Mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa ndio uliojulikana kwa jina la Bordeaux, baada ya Pierre-Marie-Alexis Millardet, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, kuutangaza mwaka 1885. Alikuwa amegundua kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mchanganyiko huo ili wapita njia wasiibe zabibu, ndiyo pekee iliyobaki na majani yake. Mkulima aliyepaka alitaka kuwatisha wezi tu, na hapo ndipo moja ya dawa za ukungu za zamani zaidi ilipoanzia. Kwa mcheri wako shaba ina nafasi yake mti ukiwa umelala au majani yanapodondoka, lakini kwenye matunda yanayoiva haina kazi.

Wakati wa mavuno, chuma matunda yakiwa makavu, tenga yaliyopasuka au yenye doa katika chombo chake, na uyapoze mazima haraka iwezekanavyo, kwa kuwa kuvu hupungua kasi sana karibu na nyuzi sifuri. Tunda lenye doa dogo usiliache mtini kwa huruma. Litoe siku hiyohiyo.

Sasa nirudi kwenye nusu ya pili ya swali lako. Ukisafisha matunda makavu, vijiti na majani kabla ya msimu ujao, na ukanyunyizia wakati wa maua, petali zinapodondoka, kuelekea mavuno na mara moja baada yake, utaona tofauti ya majani mwaka huohuo. Matunda ya mcheri wa cheri chachu yatakawia mwaka mmoja zaidi, kwa sababu vijiti vilivyokufa ndivyo vingezaa, na mti unahitaji muda wa kuotesha vingine. Ningefikiria kukata mti katika hali mbili tu. Ya kwanza ni kidonda cha gome kikiwa kimelizunguka shina zaidi ya nusu. Ya pili ni majani ya fedha ambayo, ukikata tawi lenye ugonjwa, doa la kahawia linaendelea hadi ndani ya shina kuu. Kata tawi moja lililokufa la mcheri wa cheri chachu uangalie mti wa ndani: chini kidogo ya kifo ukiwa mweupe na msafi kabisa, huo ni uozo wa kahawia wa kawaida, na mti huo bado ni wako.